Pua Nyekundu Kwanza, Usaili Baadaye: Jinsi Mtoto Anavyojifunza Kuigiza

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, mtoto wangu ana kipaji?" Naulizwa mlangoni, Jumamosi asubuhi, mzazi akiwa bado ameushika mkono wa mtoto, na mtoto mwenyewe anasikia. Kabla sijajibu, linafuata la pili: "Na odisheni ni lini?"

Nafundisha watoto kuigiza hapa Kampala, kwa Kiswahili. Wengi wao ni watoto wa Nsambya, waliokulia kwenye makazi ya polisi ambako Kiswahili ni lugha ya uani. Wengine ni wa familia za Wakongomani, zilizokuja mjini kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale au moja kwa moja kutoka Kivu. Wachache wazazi wao ni Wanubi wa Bombo. Wana umri wa miaka 7 hadi 14. Jambo la kwanza ninalowafundisha, ambalo huwashangaza wazazi na wakati mwingine kuwaudhi, ni uchale. Nasema uchale hasa: pua nyekundu, viatu vikubwa, kuanguka, kushindwa kuvaa shati. Mama mmoja aliniambia waziwazi kwamba hakulipa nauli ya taksi kutoka Najjanankumbi ili mwanawe afundishwe upuuzi. Alitaka afundishwe kushinda usaili, yaani hiyo odisheni.

Namwelewa. Anaona vitu viwili vinavyopingana: uchale ni kushindwa mbele ya watu, usaili ni kushinda mbele ya watu. Mimi nimekuja kuamini kwamba cha kwanza ndicho kinachomwandaa mtoto kwa cha pili, na kwamba mtoto anayepelekwa kwenye usaili bila kukipitia anapelekwa akaumie.

Tuanze na neno lenyewe, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Kiswahili kina chale, damisi, mcheshi, mchekeshaji, na watu huyatumia kana kwamba yote ni mamoja. Mchekeshaji, wa aina tunayemwona kwenye kumbi za Kampala akiwa na kipaza sauti, anakuja na maneno aliyoyatayarisha, na anajua ni wapi watu watacheka. Chale haji na kichekesho, anakuja na tatizo. Anataka kuketi na kiti kinamkatalia. Anataka kuimba na kofia inamwangukia machoni. Watu wanacheka kwa sababu wanayaona mawazo yake yakipita usoni. Wanamwona anapopata wazo, wanajua wazo hilo ni baya kabla yeye hajajua, kisha wanamwona akilitekeleza kwa moyo wake wote.

Sasa mvue pua na kofia, uangalie kilichobaki. Yupo mtu anayetaka kitu, kipo kizuizi, na yapo mawazo yanayoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyomfanya mwigizaji yeyote aaminike, awe anacheza mfalme au muuza mahindi. Ndiyo maana namwanzisha mtoto hapo, mahali ambapo vitu hivyo vitatu ni vikubwa na vinashikika. Luganda inatumia kitenzi kimoja, okuzannya, kwa kucheza na kwa kuigiza. Nasi tunasema mchezo, ukiwa wa uwanjani au wa jukwaani. Lugha zetu zililijua jambo hili kabla ya walimu.

Mfaransa Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake ya maigizo mjini Paris mwaka 1956, aliiita pua nyekundu kinyago kidogo kuliko vyote duniani. Alisimulia jinsi alivyoanza kuwafundisha wanafunzi wake uchale. Aliwaketisha duara, akawataka waingie katikati mmoja mmoja wawachekeshe wenzao. Wakaruka, wakafanya vituko, wakakunja nyuso, na hakuna aliyecheka. Mwisho wakakata tamaa, wakarudi kuketi wakiwa na haya, na ni hapo, walipokuwa wamebaki walivyo bila silaha yoyote, ndipo wenzao walipoangua kicheko. Vinyago vingi humfunika mtu. Hiki kidogo cha puani kinamwacha wazi, na ndicho kinachomtisha mtoto mara ya kwanza.

Kiswahili kinaibeba tofauti hii katika mwisho wa neno tu: kuchekwa na kuchekesha. Kitenzi kimoja, lakini anayechekwa amenyang'anywa kitu na anayechekesha amekitoa mwenyewe. Kazi yangu yote ya miezi mitatu ya kwanza ni kumvusha mtoto kutoka neno moja hadi jingine.

Na uvukaji huo ni mgumu, kwa sababu watoto wetu wamefundishwa tangu wadogo kwamba kukosea ni aibu. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Kicheko cha darasa zima hakikupigwa marufuku, na hakuna sheria inayoweza kukifikia. Mtoto aliyewahi kutamka neno vibaya mbele ya wenzake sitini anakumbuka kicheko kile kuliko fimbo. Kwa watoto wangu ipo na aibu ya lugha. Kwa miaka mingi Kiswahili nchini Uganda kilionekana lugha ya askari na ya majambazi, ya mtu anayekuamuru au anayekuibia. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kukipa nguvu zaidi, kifundishwe shuleni. Karatasi zimebadilika. Lakini bado naletewa mtoto anayeongea Kiswahili kitamu sana nyumbani, na akiwa ukumbini mbele ya wageni sauti inamshuka hadi tumboni.

Hofu hiyo ina sura mbili. Sura ya kwanza ni ukimya. Ya pili ni ngumu kuitambua kwa sababu inafanana na ustadi: mtoto anajificha nyuma ya vitu alivyofunzwa. Shule zetu zina mashindano ya kila mwaka ya muziki, ngoma na maigizo, na nayaheshimu sana, kwani yameokoa ngoma nyingi na yamewapa maelfu ya watoto sauti ya kutosha kufika mwisho wa uwanja. Lakini ushairi wa mashindano hayo una desturi ya kuonyesha kila neno kwa mkono. Moyo, mkono kifuani. Mbingu, kidole juu. Machozi, vidole viwili vinashuka mashavuni. Mtoto aliyeshinda nishani kwa namna hiyo akipewa kipande cha kuigiza anafanya vilevile, na macho yake hayamwoni mtu yeyote.

Ipo tabia nyingine ambayo sijaisikia ikizungumzwa nje ya Uganda. Watoto wetu wamekua wakitazama filamu kwenye vibanda vya video, ambako VJ anazisimulia kwa Luganda juu ya sauti za wahusika, anatania, anaeleza, anatabiri. Ni sanaa kamili, na ma-VJ wazuri nawavulia kofia. Ila mtoto aliyelelewa na sanaa hiyo akiambiwa aigize anayekimbizwa na mbwa, anasimama palepale na kusimulia: "Mbwa huyoo! Anakuja! Nimepanda mti!" Mbwa hatumwoni, na mti hatuuoni. Inabidi nimnyamazishe mdomo kwa upole ili mwili upate nafasi ya kusema.

Pua inanisaidia hapo. Tunazitengeneza wenyewe kwa vipande vya sponji ya godoro ambavyo mafundi wa makochi huvitupa. Tunavikata kwa mkasi hadi viwe duara, tunavipaka rangi nyekundu, tunatoboa na kupitisha lastiki nyembamba. Lakini pua ina adabu zake. Huivai huku watu wanakutazama: unageuka, unaipa hadhira mgongo, unaivaa, unavuta pumzi, ndipo unageuka tena. Ukiwa umeivaa huigusi na huitaji. Ukichoka, unageuka na kuivua vilevile. Adabu hizi zinamwambia mtoto kwamba kuna mlango. Ndani ya mlango unaweza kuanguka, kusahau, kukwama, na hakuna atakayekuhukumu kwa hayo. Ukitoka nje wewe ni wewe, na hakuna anayeruhusiwa kukuita chale. Sheria hii ya mwisho naisimamia kwa ukali ambao sina katika jambo jingine lolote.

Nitasimulia zoezi moja, maana maneno matupu hayalitendei haki jambo hili. Msichana wa miaka 10, mkimya, wa familia iliyotoka Bukavu, alipewa jerikeni tupu la lita 20. Kazi yake: alivushe ukumbi kana kwamba limejaa, na mama amesema tone lisimwagike. Watatu waliomtangulia walionyesha uzito kwa uso. Walikunja vipaji vya uso, walihema, walisema "uuu", na mikono yao ilikuwa imebeba hewa. Yeye alisimama kwanza mbele ya jerikeni akalitazama. Akakaza kitenge kiunoni. Akainama, akashika mpini, na bega lake la kulia likashuka kabla jerikeni halijaachana na sakafu. Mkono wa kushoto ukanyooka pembeni wenyewe kutafuta mizani. Hatua zikawa fupi na za haraka, kwa sababu mtu aliyebeba maji hatembei polepole, anakimbilia mahali pa kuyatua. Katikati ya ukumbi akatua, akakung'uta vidole vilivyokatwa na mpini, akatutazama. Hakuongeza lolote. Alitutazama kama mtu aliyekutana na jirani njiani. Ukumbi ukacheka, na kutoka nyuma mama mmoja akasema, "Pole, mwanangu." Mtoto akaitikia kwa kichwa, akabadili mkono, akaendelea na safari.

Ndani ya dakika moja hiyo kuna karibu kila kitu ninachokifundisha. Alikuwa na kazi ya kufanya, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kufikiria anavyoonekana. Alitumia kitu anachokijua, maana ameteka maji kila siku ya maisha yake, na mwili wake ulikumbuka kilichosahauliwa na nyuso za wenzake. Na alipotutazama, alitugawia wazo lake: mnaona hali hii? Mtazamo huo ndio kiini cha uchale. Chale anapokwama hajifichi, anainua macho na kushirikiana na watu kukwama kwake. Mtoto aliyezoea kufanya hivyo hana tena haja ya kuogopa kukwama.

Mambo haya ya kumpa mtoto kazi badala ya kumwambia "onyesha huzuni" yana historia ndefu. Mmarekani Viola Spolin aliyakuza huko Chicago alipokuwa akiwafundisha maigizo watoto wa wahamiaji, waliotoka nyumba zenye lugha mbalimbali. Aliona kwamba maelekezo marefu hayafiki, ila mchezo unafika: mpe mtoto jambo moja la kulishughulikia, na woga unakosa pa kukaa. Kitabu chake cha mwaka 1963 kinatumika hadi leo. Nikisoma habari za madarasa yake naliona la kwangu, lenye Kiswahili cha Kivu, cha Bombo na cha kambini, na Luganda inayoingia kila mahali. Naye alianza na michezo ambayo watoto tayari wanaijua. Mimi naanza na kwepena, mchezo wa kukwepa mpira ambao karibu kila msichana wa Uganda ameucheza. Aliye katikati hawezi kuucheza huku akiwaza habari zake mwenyewe. Akiwaza, mpira umeshampiga.

Lakini uchale una hatari zake, na sitazipitia juu juu. Walimu kadhaa mashuhuri wa Ulaya wamejulikana kwa kuwatolea wanafunzi wao maneno makali hadi wavunjike, kwa hoja kwamba chale huzaliwa hapo. Wanafunzi hao ni watu wazima waliojiandikisha wenyewe na wanaoweza kuondoka. Mtoto hawezi kuondoka. Kwa hiyo kwangu mtoto ndiye anayechagua udhaifu atakaoucheza. Kigugumizi cha mtu hakichezwi. Mguu wenye ulemavu hauchezwi, mpaka mwenyewe, kwa hiari yake na bila kuombwa, aamue. Lafudhi ya kabila la mwenzako haichezwi kabisa, ingawa najua ndiyo inayowapatia kicheko cha haraka wachekeshaji wa mjini. Pia wapo watoto wangu waliokimbia vita. Sichezi nao bunduki, sichezi kifo, na sipasui puto. Niliwahi kulipasua moja mwaka wangu wa kwanza, nikiwa sijafikiri, na mvulana mmoja akajikuta chini ya meza kabla hajajua amefikaje. Tulikaa naye pale chini muda mrefu, mimi na yeye. Na kuanguka kunafundishwa kwenye mkeka, polepole, kwa wiki kadhaa, kwa sababu watoto wanaoiga filamu za mapigano hujitupa sakafuni kwa kiwiko.

Sasa tuje kwenye usaili, au odisheni kama wengi tunavyouita. Mzazi anaufikiria kama mtihani: mwenye alama nyingi anapita. Hapo ndipo maumivu mengi yanapoanzia, kwa sababu usaili si mtihani. Mwongozaji hatafuti mtoto bora, anatafuta mtoto anayelingana na nafasi iliyopo. Kama mama wa kwenye hadithi ameshachaguliwa naye ni mrefu mwembamba, mtoto mnene mfupi hatachukuliwa hata akiigiza hadi watu walie. Kama dada na mdogo wake wanahitajika, wanachaguliwa kwa jozi, na ukimkosa pacha wako umekosa. Meno ya mbele yaliyong'oka, sauti iliyoanza kuvunjika, ratiba ya mtihani wa darasa la saba, yote hayo yanaamua. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloitwa kipaji.

Mwaka 2016 ilitoka filamu ya Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyekuwa bingwa wa chesi. Aliyeichukua nafasi ya Phiona ni Madina Nalwanga, msichana wa Kampala aliyepatikana kwenye darasa la ngoma, ambaye hakuwahi kuigiza kwenye filamu. Wazazi wengi waliposikia habari hiyo walihitimisha kwamba ni bahati tu, na wakawa wanawapeleka watoto popote panapotangazwa jambo. Mimi nasisitiza upande mwingine: alipatikana akiwa anafanya kitu anachokipenda, mwili wake ukiwa umezoea mazoezi, kusikiliza na kurudia. Darasa la ngoma lilikuwa limeshafanya nusu ya kazi.

Chumbani mambo huwa hivi. Mtoto anaitwa, anasimama kwenye alama iliyobandikwa sakafuni, anataja jina na umri wake mbele ya kamera. Anapewa kipande kifupi, labda mistari sita, au hapewi maneno kabisa bali hali fulani. Anakifanya. Kisha inakuja sehemu ambayo wazazi hawaijui, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote: anaambiwa, "Vizuri. Sasa fanya tena, lakini safari hii una haraka, unaogopa baba atarudi." Mara ya kwanza inaonyesha mtoto alivyofundishwa nyumbani, mara ya pili inaonyesha kama anasikia. Mtoto aliyekaririshwa kila kitu na mama yake kwenye sebule, hadi pahali pa kuvuta pumzi, anairudia mara ya pili ileile neno kwa neno, na mlango unafungwa hapo. Kwa hiyo nawaomba wazazi: msaidie kukumbuka maneno, na mwache ajue mwenyewe namna ya kuyasema.

Hapa uchale unalipa. Chale ameishi maisha yake yote ndani ya "fanya tena". Kiti kimekataa, jaribu kwa njia nyingine. Mistari imesahaulika, inua macho, pumua, tafuta. Mwongozaji akimwona mtoto aliyesahau neno katikati na hakufa, amemwona mtu anayeweza kufanya naye kazi siku kumi kwenye jua.

Ndiyo maana ifikapo mwezi wa nne wa mafunzo tunafanya usaili wa majaribio darasani, na nawaweka watoto nyuma ya meza. Wanapeana zamu: watatu wanachagua, mmoja anaingia. Mara ya kwanza wanajifanya wakali. Baada ya wenzao sita kupita na kufanya kitu kilekile, ukali unaisha, wanaanza kuutazama mlango kwa hamu. Wanagundua kwamba walio nyuma ya meza wamechoka na wanamwombea anayeingia afanye vizuri ili kazi iishe. Kisha nawapa kazi ya kuchagua ndugu wawili, na inawalazimu kumwacha rafiki yao aliyeigiza vizuri kwa sababu ni mfupi kuliko "mdogo" wake. Wanabishana sana. Yule aliyeachwa anasikia mabishano yote, anasikia sababu, na sababu ni urefu. Maelezo yangu yangechukua mwezi mzima kufikia hapo.

Siku hizi usaili mwingi unaanza na video ya simu inayotumwa WhatsApp. Hapo si pagumu: simu ilazwe ubavu isipokuwa wamesema vingine, dirisha liwe mbele ya mtoto na si nyuma yake, ukuta uwe mtupu, na anayemsomea mistari ya mhusika wa pili akae karibu na simu na asipaze sauti kumshinda mtoto. Redio ya jirani na jogoo siwezi kuwapa dawa yake.

Kigumu ni matapeli. Kuna wakati ujumbe ulizunguka kwenye vikundi vya wazazi wangu kwamba watoto wanatafutwa kwa filamu kubwa, ada ya kujiandikisha shilingi 50,000. Familia nne za darasa langu zililipa, moja kwa fedha ya kodi ya nyumba. Siku iliyotajwa walikuta ukumbi umefungwa na namba haipatikani. Tangu hapo nasema mapema, kabla ya pua na kabla ya yote: anayemtafuta mtoto wa kuigiza hamtozi mtoto huyo. Usaili haufanyiki chumbani hotelini. Mzazi au mlezi anakaa mahali anapoweza kumwona au kumsikia mtoto wake, na anayekataa hilo aachwe na filamu yake. Picha za mtoto hazitumwi kwa namba isiyo na jina.

Na sheria ipo, ingawa ni wachache wanaoiuliza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 12 kuajiriwa. Aliye chini ya miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, chini ya uangalizi wa mtu mzima, bila kuvuruga masomo yake. Tena inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa moja usiku na saa moja asubuhi. Mzazi anayeambiwa "tutapiga picha hadi usiku wa manane, ndivyo filamu zilivyo" ana haki kamili ya kusema hapana, na kuuliza kwa maandishi ni saa ngapi, malipo ni kiasi gani, mtoto atakula nini na atarudishwa na nani.

Kuhusu kipaji, kwa mzazi aliyesimama mlangoni, nimeacha kujibu ndiyo au hapana. Namwomba aniachie mtoto kwa muhula mmoja na asimuulize swali moja tu wakiwa kwenye taksi ya kurudi nyumbani: "Wamekuchukua?" Amuulize, "Ulicheza nini?" Swali la kwanza mtoto hana jibu lake, jibu liko kwa watu wengine. La pili analo.

Yule mama wa Najjanankumbi alikubali, kwa shingo upande. Muhula ulipokwisha mwanawe wa miaka 9 akaenda kwenye usaili wake wa kwanza, wa tangazo la biashara. Jumamosi iliyofuata mama alikuja akiwa wa kwanza kufika, akanisimulia kabla hajaketi. Kwenye taksi alimuuliza alicheza nini. Mtoto akasema ameambiwa anywe chai ya moto, na kikombe hakipo.

"Ukafanyaje?"

"Nilitia sukari kwanza. Wakacheka. Nikawatazama, halafu nikatia kijiko kingine."

Simu bado haijapigwa. Mama mwenyewe, akiwa anavua viatu aingie kwenye mkeka kutusaidia kukata sponji, alikuwa anacheka kile kijiko cha pili.